Majivu Kwenye Mashine ya Kahawa

Mdogo wangu wa kiume alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa nafua. Aliniambia mama amekubali. Jumatatu inayokuja yeye anakwenda kijijini kwetu Ibaba na vibarua wawili, wanang'oa mibuni yote ya nyuma ya nyumba na kuchimba mashimo ya parachichi. Alikuwa ananitaarifu tu, hakuwa ananiuliza. Nilimwambia hiyo mibuni aliipanda baba. Akasema baba hayupo, na mama amechoka kuhangaika na miti asiyojua kazi yake.

Hilo la mwisho lilinikaa kifuani, kwa sababu ni kweli, mama hajui kazi ya miti hiyo. Amechuma kahawa tangu alipoolewa. Ameimenya, ameiosha, ameianika kwenye vichanja na kuigeuza kwa mikono mpaka viganja vimekuwa kama gome, na hajawahi kuinywa hata siku moja. Kwetu kule milimani ni watu wa chai. Kahawa inatoka shambani inaingia kwenye gunia, gunia linapakiwa kwenye gari, basi, hujui tena habari zake. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza inakwenda kufanya nini. Akanijibu amesikia Wazungu wanaitengenezea rangi ya viatu. Hakuwa anatania.

Wiki hiyo hiyo mama alikuwa anakuja kwangu Tunduma. Angefika Alhamisi, Ijumaa aende kliniki ya macho, na Jumapili baada ya ibada arudi kijijini na gari la Ileje. Kwa hiyo nilikuwa na siku tano. Nikiwa bado na povu la sabuni mikononi nikaamua kwamba ile miti haitang'olewa kabla mama hajainywa kahawa yake. Na siyo ile ya kuchemsha kwenye sufuria ikatoka kama maji ya tope. Nilitaka ainywe ikiwa imepikwa sawasawa. Akishainywa, akasema ng'oeni, basi waing'oe, sitafungua mdomo. Nikampigia mama simu, nikamwambia aje na kahawa kidogo ya mavuno yaliyopita, hata bakuli mbili.

"Ya nini?" akauliza. "Unataka kuotesha?"

"Njoo nayo tu, mama."

Mashine ninayo. Niseme kwanza nilivyoipata. Nilifanya kazi miaka sita kwenye kantini ya nyumba moja ya wageni karibu na barabara kuu, walipokuwa wanalala watu wa mizigo wanaosubiri kuvuka kwenda Zambia. Niliingia kama mwosha vyombo. Mwenye kantini, mama mmoja mtu mzima kutoka Moshi, alikuwa na mashine ya umeme ya kukaa mezani, inayosukuma maji ya moto kwa nguvu kwenye unga wa kahawa na kutoa kikombe kidogo cheusi chenye povu la rangi ya karanga. Wenyewe wanaiita espreso. Wasichana wengine waliiogopa kwa kelele zake, mimi sikuiogopa, kwa hiyo akanifundisha. Asubuhi nilikuwa naendesha mashine, jioni nakwenda kwenye madarasa ya jioni na daftari langu ndani ya kikapu cha sokoni. Mimi ndiye niliyeishia darasa la saba nyumbani kwetu. Kahawa ya baba ilisomesha wadogo zangu wa kiume, mimi niliichuma. Sisemi kwa kinyongo, nasema ilivyokuwa. Cheti cha kidato cha nne nilikipata nikiwa na watoto wawili na mvi tatu.

Kantini ilipofungwa, yule mama alirudi kwao na kuniachia mashine kama zawadi ya kuagana. Nilipanga kufungua kibanda cha kahawa. Kabla sijapata hata mbao nikajikuta na mimba, mimi niliyedhani nimeshamaliza kuzaa. Mtoto alitoka kwa upasuaji. Mama alikuja akakaa na mimi miezi miwili, akaogesha mtoto, akapika, akapanga nyumba yangu anavyotaka yeye, na mashine akaifunga kwenye gunia na kuipeleka stoo. Kitindamimba wangu sasa ana miaka minne. Kwa miaka hiyo yote lile gunia halikufunguliwa.

Jumanne ile ile alasiri mume wangu aliniteremshia gunia. Yeye ni fundi matairi pale wanapoegesha malori, ana mikono ya kunyanyua vitu. Nilikata kamba ya katani, nikaitoa mashine, nikaifuta nje kwa kitambaa cha maji. Bati lake lilikuwa bado zuri. Nilipofungua kifuniko cha tangi la maji nikaona vumbi la kijivu. Sikushangaa. Tunduma kwa vumbi mtu hashangai, malori yanapita usiku na mchana. Nikalisuuza tangi mara moja, haraka haraka, nikamimina maji masafi, nikachomeka waya. Halafu nikafumba macho na kuomba kidogo kabla ya kubonyeza swichi.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Mama watoto, unaiombea mashine?"

"Naiombea mashine, na wewe nakuombea kila siku. Tofauti ni kwamba mashine haibishi."

Nikabonyeza. Ikanguruma kama inavyotakiwa, nikaanza kufurahi. Halafu mngurumo ukawa mzito, ukawa kama mtu anayekohoa na mfupa kooni. Ikatema matone mawili matatu ya maji mazito ya kijivu, ikanyamaza. Nikasikia harufu ya kitu kinachoanza kuungua. Nilichomoa waya haraka.

Tukachukua bisibisi zake na kuifungua. Kulikuwa na kitu cha kijivu kila mahali. Chini ya tangi kilikuwa kimeganda, kwenye mpira wa kupitisha maji kimejaa, na kwenye kile kishikio kinachobeba unga wa kahawa kilikuwa kimeshindiliwa mpaka juu, kigumu, ukigonga kinatoa mlio. Nikamgeukia mume wangu. Mwaka ule niliojifungua alikuwa amejenga ukuta wa choo, na mifuko iliyobaki aliiweka stoo hiyo hiyo. Nikamuuliza kwa sauti ambayo kanisani hawaijui, ni nani aliyemwaga simenti kwenye mashine yangu.

"Simenti inaingia yenyewe kwenye kishikio na kujishindilia?" akasema. "Mimi na hiyo mashine tumegombana lini?"

Alisema kweli. Simenti haijipangi vile. Nikachukua chembe kidogo kwa kidole, nikaiweka kwenye ncha ya ulimi. Ikanichoma kidogo, ikawa na ule utelezi na uchumvi ninaoujua tangu utoto. Yalikuwa majivu. Tena siyo majivu ya jikoni hivi hivi, bali majivu yaliyochekechwa, laini kama poda, ya maganda ya maharage.

Hapo nikaelewa, nikakaa chini sakafuni. Kwetu maharage ya mbegu hayawekwi hivi hivi. Unachoma maganda, unachekecha majivu, unachanganya na mbegu na kujaza chombo mpaka juu, usiache nafasi hata ya kupita sisimizi. Mdudu haingii, unyevu hauingii, ukija kufungua msimu wa kupanda mbegu ni zima. Mama aliona kitu cha thamani kinakwenda kukaa stoo, chenye matundu ambayo mende wangependa kuishi. Akafanya anachofanya kwa kitu cha thamani. Kila tundu aliloliona alilijaza, kwa uangalifu wake wote. Nina hakika hata majivu yenyewe aliyatoa Ibaba, kwa sababu ya kwangu angeyaona ya mkaa, hayafai.

Nilicheka mpaka machozi. Mume wangu naye akacheka. Halafu nikaacha, kwa sababu pampu ilikuwa imekwama na mama anakuja Alhamisi. Nilimwambia mume wangu jambo moja, kwamba mama asijue. Akaniuliza nikishindwa nitamwambia nini. Nikamjibu kwamba sijapanga kushindwa.

Jumatano niliamka na kazi kichwani. Kwanza nilitoa majivu makavu kwa mpini wa kijiko, mswaki wa zamani na pini. Kwenye kishikio nilikwangua zaidi ya saa nzima. Lakini ndani ya vibomba vyembamba mswaki hauingii, na kupuliza kwa mdomo nilipuliza mpaka nikaona nyota. Mume wangu akasema tuipeleke kazini kwake, kwenye kompresa ya kujazia matairi. Nikaifunga kwenye khanga, nikaibeba mgongoni kama mtoto, tukaenda.

Madereva waliokuwa wanasubiri foleni ya mpakani walikusanyika kuangalia. Mmoja akauliza, "Fundi, hili nalo ni gari gani?"

"La mama watoto," mume wangu akajibu bila kuinua kichwa. "Limepata pancha."

Alifunga kitambaa safi kwenye mdomo wa mpira wa hewa ili mafuta ya kompresa yasiingie, nikashika vibomba kimoja kimoja, akapuliza. Wingu la majivu likatoka, likampaka usoni yule dereva aliyeuliza. Watu wakacheka, naye akacheka. Kufikia adhuhuri hewa ilikuwa inaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, isipokuwa sehemu moja, kwenye pampu na boila la kuchemshia maji, ambako yale maji niliyomimina Jumanne yalikuwa yameyafanya majivu kuwa uji, na uji ulikuwa umeanza kushika. Yale makosa yalikuwa yangu. Majivu ya mama yakiwa makavu yasingeumiza chochote. Mimi ndiye niliyetia maji bila kuangalia.

Hapo nikamkumbuka mwalimu wetu wa kemia wa jioni. Maabara hatukuwa nayo, kwa hiyo alikuwa anafundishia vitu vya jikoni. Siku moja alileta majivu kwenye kifuniko cha sufuria akayakamulia ndimu. Yakachemka yenyewe bila moto, povu likapanda. Alituambia tusikariri, tutasahau, tuangalie tu kwa macho. Mimi niliangalia. Miaka yote ile sikuwahi kudhani kuna siku nitahitaji lile povu.

Nikaenda sokoni kutafuta ndimu. Niliyemkuta nazo ni mama mmoja wa ng'ambo, Mzambia, ambaye huvuka asubuhi na beseni lake kichwani. Akanisalimia, "Mulishani, mayo," nikamwitikia, nikamwambia nataka zote. Akauliza kama nina harusi. Nikamwambia hapana, ninakwenda kuogesha mashine. Akaniangalia vizuri kuona kama nina akili timamu, halafu akaniongezea ndimu tano za bure. Labda alinihurumia.

Nilikamua mpaka vidole vikawasha kila palipokuwa na mkwaruzo. Nikachuja juisi kwa kitambaa mara mbili ili nyama isiende kuziba kilichozibuka, nikaongeza maji, nikamimina polepole ndani bila kuwasha umeme. Nikasubiri. Kwanza hakukuwa na kitu. Halafu nikasikia sauti ndogo ndani ya boila, kama mvua inayoanza kwenye bati, na povu la kijivu likaanza kusukumwa nje kwa chini. Nikasema asante Bwana, na asante mwalimu. Nikamwaga, nikarudia, nikamwaga, nikarudia. Mara ya saba povu lilikuwa jeupe. Pamoja na majivu yalitoka magamba ya chokaa ya maji ya kisima, yaliyokuwa yamekaa humo tangu siku za kantini. Nilipochomeka waya na kubonyeza swichi, pampu ilikohoa mara moja, ikanyamaza, ikakohoa tena, halafu ikashika mngurumo wake. Niliizima haraka kabla haijabadilisha mawazo.

Mama alifika Alhamisi saa nane mchana, amechoka, na kifurushi cha kahawa ndani ya mfuko wa sukari uliofungwa mara tatu. Nilimpa shikamoo, nikamvua viatu, nikampa maji. Macho yake yamefunikwa na utando, anaona watu kama vivuli, lakini masikio yake hayajapungukiwa na kitu. Nilikuwa naendelea kupitisha maji masafi kwenye mashine ili uchachu wa ndimu uishe, akasikia mngurumo.

"Hicho ni nini?"

"Ile mashine ya kahawa, mama. Naisafisha."

"Ahaa." Akaridhika. "Niliihifadhi vizuri ile."

Mume wangu alisimama akaenda nje. Nilimsikia akicheka huko nyuma ya choo. Mimi nikamuuliza mama habari za safari.

Ijumaa tulikwenda kliniki. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, atapangiwa tarehe ya upasuaji. Njiani kurudi mama alizungumzia parachichi. Alisema mdogo wangu amemwambia parachichi hazina mambo mengi, na mwenyewe unaweza kula. Kahawa hata mbuzi wanaikataa. Nikamuuliza kama moyoni anataka miti ing'olewe.

"Mti wa baba yako nitautaka vipi kuung'oa," akasema. "Lakini mimi sioni tena, mwanangu. Nachuma kwa kupapasa. Kwa ajili ya nini? Niambie wewe uliyesoma, kwa ajili ya nini?"

Ningemjibu kwa maneno angesema ni maneno ya shule.

Jioni nilitwanga ile kahawa kwenye kinu kutoa maganda, nikaipepeta kwenye ungo, nikaikaanga kwenye sufuria nzito kwa moto mdogo, nakoroga bila kupumzika. Ilipoanza kupasuka na kutoa moshi, mama aliniita kutoka chumbani, akaniambia mahindi yangu yanaungua. Nikamwambia si mahindi. Akanusa tena, akasema basi ni kitu kingine kinaungua, na kwamba tangu nikiwa binti nilikuwa naunguza.

Jumamosi niliitwanga tena ikawa unga, nikauchekecha kwa chekeche la uji ili uwe laini. Nikaunganisha mashine yote, kila skrubu mahali pake, isipokuwa moja iliyobaki na mpaka leo sijui ilitoka wapi. Saa kumi na moja jioni nikajaribu. Pampu ikasukuma vizuri, lakini kahawa haikupita kwenye kishikio. Maji yalipenya pembeni kila upande, yakamwagika mezani na kuniunguza mkono. Kuna mpira wa duara, mnene, unaobana kishikio na kichwa cha mashine maji yasivuje. Miaka minne ya ukavu ilikuwa imeufanya mgumu na kuukata upande wa chini. Nikauchokoa kwa bisibisi, nikaushika mkononi. Mpira wa namna hiyo Tunduma haupo. Labda Dar es Salaam, na hata huko uulizie.

Niliugeuza geuza. Upande uliokuwa unatazama juu ulikuwa bado laini, haujaguswa na chochote. Nikafikiria kola ya shati la shule, ikichakaa upande mmoja fundi cherehani anaifumua na kuigeuza, mtoto anasoma nayo mwaka mwingine. Nikauchemsha ule mpira kidogo ulainike, nikaupaka mafuta ya alizeti, nikaurudisha ukiwa umegeuzwa. Nilikuwa naufikicha kwa kidole ukae sawa pale umeme ulipokatika.

Haukurudi. Tulikula, tukasali, tukalala, haukurudi. Alfajiri ulirudi, lakini ilikuwa Jumapili. Nilisimama mbele ya mashine nimeshavaa sare ya kwaya, swichi iko pale. Ningejaribu ningejua, na kama mpira unavuja ningekuwa na saa mbili za kutafuta njia nyingine. Lakini ningejaribu nisingefika kwenye mazoezi ya kabla ya ibada, na nilijua kwamba nikianza sitaacha. Miaka kumi na tisa sijakosa Jumapili kwa ajili ya kazi. Nikageuka, nikamshika mama mkono, tukaenda kanisani. Niliimba sauti ya tatu kama kawaida yangu, na mahubiri nikayasikiliza nusu. Nusu nyingine nilikuwa kwenye ule mpira. Namwomba Mungu anisamehe, nadhani alielewa.

Tuliporudi gari la mama lilikuwa liondoke saa nane. Nilimkalisha jikoni kwenye kiti chenye mgongo. Nikajaza unga kwenye kichujio, nikaushindilia kwa kitako cha kikombe, nikafunga kishikio kwa nguvu zangu zote. Nikabonyeza.

Mngurumo, halafu kimya kifupi, kile kimya ninachokijua cha maji kutafuta njia. Tone moja likavuja pembeni. Likabaki hilo moja. Halafu kwa chini ukaja uzi mwembamba wa rangi ya asali nyeusi, ukajikusanya kwenye kikombe na povu lake juu. Nyumba nzima ikanukia. Mama aliinua kichwa.

Nikamwekea kikombe mkononi, nikamwambia ni kahawa yake, ile aliyokuja nayo. Alikinusa muda mrefu. Akaonja. Uso wake ukajikunja wote kama amelamba shubiri.

"Chungu," akasema.

"Niweke sukari?"

"Subiri." Akaonja tena. Ulimi ukapita kwenye midomo. Akaonja mara ya tatu, na mara hii hakukunja uso. "Kuna kitu kinakuja nyuma," akasema. "Kama lile tunda likiwa jekundu kabisa, ukilifyonza. Kumbe linabaki humu ndani."

"Linabaki, mama."

"Na watu wanainywa hii? Asubuhi, kama chai?"

Nikamwambia nimeipika miaka sita kwa watu wanaoamka nayo, ambao wasipoipata hawasalimii mtu. Nikamwambia kulikuwa na mmoja alikuwa anafumba macho kila akinywa funda la kwanza. Mama alisikiliza, kikombe amekishika kwa mikono miwili. Hakulia, yeye si mtu wa kulia. Alisema tu, polepole, kwamba baba amekufa hajui, kwamba baba naye alidhani ni rangi ya viatu.

Halafu akaniambia nimpigie mdogo wangu. Nikapiga, nikaweka simu sikioni kwake. Nilisikia mdogo wangu akianza kueleza habari za miche. Mama alimwacha amalize.

"Mapanga usije nayo," akamwambia. "Njoo na ule msumeno mdogo wa kupogolea. Ile mibuni iliyokauka huko chini bondeni ng'oa, panda parachichi zako. Ile mizima ya baba yako usiiguse, nitakuonyesha mwenyewe ni ipi." Mdogo wangu akasema kitu. "Najua sioni," mama akajibu. "Nitapapasa. Na wewe kabla hujapogoa pitia kwa dada yako ukanywe."

Alimaliza kikombe mpaka machicha, akayaonja na hayo. Halafu akaegemea kiti, akanyoosha mkono na kuipapasa mashine kwenye bati lake, bado ya moto.

"Unaona faida ya majivu?" akamwambia mume wangu. "Miaka minne, na inafanya kazi kama mpya. Vijana wa siku hizi hamjui kuhifadhi kitu. Au nasema uongo, mwanangu? Ulikuta mdudu humu?"

Mume wangu aliniangalia. Mimi si mtu wa kusema uongo, achilia mbali Jumapili, na sare ya kwaya bado iko mwilini.

"Sikukuta hata mende mmoja, mama," nikasema.

"Basi."

Tulimsindikiza kituoni. Alikuwa ameniomba machicha yaliyobaki kwenye kichujio, nikamfungia kwenye karatasi, akawanusishe wanawake wenzake wa kule. Gari lilipokuwa linajaza abiria alinivuta karibu na dirisha, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku nikitaka kuirudisha stoo nimtaarifu mapema, majivu ya maganda ya maharage anayo debe zima.

Nikamwambia haitarudi stoo tena. Kesho yake Jumatatu nilikwenda kutafuta mbao za kibanda.